Nani Hubeba Mzigo wa Maafa: Utafiti wa Jamii katika Nyanda za Juu Kusini tangu Miaka ya 1930

Elimujamii, ambayo wengine huiita sosholojia, ni taaluma inayochunguza namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyogawana mali, kazi na mamlaka, na wanavyosaidiana au kutupana pindi mambo yanapoharibika. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani ukanda wa milima na nyanda za baridi unaoanzia Iringa na Mufindi, ukapita Njombe na Makete na kufika Mbeya na Rungwe, taaluma hiyo ina historia ya takriban miaka 90, na katika muda wote huo imekuwa ikilirudia swali lile lile kwa sura mbalimbali: maafa yanapoingia katika nchi, iwe ni njaa, maradhi, kukosa ardhi au kuporomoka kwa bei, kwa nini baadhi ya watu huangamia na wengine husalimika? Uyole, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana na ile inayopanda milima ya Uporoto na kushuka Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi, ni njia panda ya magari na mazao, lakini pia ni mahali pazuri pa kuitazamia historia hiyo, kwa kuwa karibu kila jambo ambalo watafiti waliliandika limepita hapo kwa miguu, kwa lori au ndani ya gunia.

Utafiti wa mwanzo ulizaliwa mikononi mwa watawala. Mwaka 1935 Gordon Brown, aliyekuwa msimamizi wa elimu katika shule ya Malangali, na Bruce Hutt, ofisa wa wilaya ya Iringa, walichapisha kitabu kuhusu Wahehe kilichotokana na jaribio la pekee, ambapo mtawala aliuliza maswali aliyoyahitaji kwa kazi yake, na mtaalamu wa desturi za watu akaenda vijijini kuyatafutia majibu. Walikubaliana kwamba kazi ya mtaalamu iishie katika kueleza mambo yalivyo, na kwamba uamuzi wa nini kifanyike ubaki kwa serikali. Mpango huo ulileta maarifa mengi kuhusu ndoa, ardhi na uongozi wa Wahehe, ambao wakati huo walikuwa hawajatimiza miaka arobaini tangu kifo cha mtawala wao, Mtwa Mkwawa, mwaka 1898, lakini uliacha nje swali zito kuliko yote, kwa sababu mtawala anayeuliza maswali mwenyewe hawezi kutarajiwa kuuliza kama utawala wake ni sehemu ya matatizo anayoyachunguza.

Wakati huohuo, upande wa kusini wa Mlima Rungwe, utafiti wa aina nyingine ulikuwa ukiendelea. Godfrey Wilson, Mwingereza, alifika kwa Wanyakyusa mwaka 1934, na mkewe Monica Hunter, aliyezaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, katika familia ya wamisionari, akajiunga naye baada ya kufunga ndoa mwaka 1935. Monica alikuwa amesoma Cambridge na kukamilisha utafiti kuhusu Wapondo wa Afrika Kusini, ambao ulichapishwa mwaka 1936. Hadi mwaka 1938 wawili hao waliishi miongoni mwa wanavijiji wa Rungwe, wakajifunza Kinyakyusa, wakaandika maelfu ya kurasa za maelezo, na wakategemea sana wenyeji waliowasaidia, hasa Leonard Mwaisumo, aliyekuwa karani na mkalimani wao. Kwa miongo mingi jina la Mwaisumo halikutajwa kwa uzito unaostahili, mpaka mwaka 2013 kilipotoka kitabu kilichoandikwa mahsusi kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake. Na jambo hilo lenyewe ni somo, kwa kuwa watafiti wa ukosefu wa usawa nao walifanya kazi ndani ya mpangilio usio sawa, ambamo mmoja hubaki na jina juu ya jalada na mwingine hubaki ndani ya daftari.

Jambo lililowavutia zaidi akina Wilson lilikuwa kijiji cha rika, yaani makazi ya wanaume waliokaribiana umri badala ya watu wa ukoo mmoja. Kijiji hicho kilianza na wavulana wa umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, ambao desturi haikuwaruhusu tena kulala nyumbani kwa wazazi wao, hivyo wakajijengea vibanda pembeni. Mchana walichunga ng'ombe na kulima mashamba ya baba zao, na saa za kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, ili pasiwepo kijana aliyekula peke yake. Walipooa waliwaleta wake zao katika kijiji kilekile, kikawa chao kwa maisha. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, yaani ya kutoka, ambayo ndani yake wazee walikabidhi nchi na utawala kwa wana wao na ardhi ikagawanywa upya. Wazo lililoshikilia mpango huo liliitwa ukwangala, neno la Kinyakyusa lenye maana ya raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza, na ndilo lililompa Monica Wilson jina la kitabu chake Good Company kilichotoka mwaka 1951.

Hata hivyo, watafiti hao hawakudanganywa na uzuri wa ukwangala wakasahau kuuliza nani alikuwa na nini. Kijana hakuweza kuoa bila ng'ombe wa mahari, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba. Wazee wenye mifugo mingi walioa wake wengi, wasichana waliposwa wakiwa bado wadogo, na vijana wakasubiri miaka mingi huku nguvu zao zikitumika katika mashamba ya watu wengine. Usawa wa rika, kwa hiyo, ulijengwa juu ya tofauti kubwa kati ya vizazi na kati ya wanaume na wanawake. Monica Wilson alilirudia jambo hilo hadi uzeeni, na kitabu chake cha mwisho kuhusu Wanyakyusa na jirani zao Wangonde, For Men and Elders cha mwaka 1977, kimejikita katika mabadiliko ya uhusiano huo kuanzia mwaka 1875 hadi mwaka 1971.

Katika maandiko hayo kuna fundisho ambalo wasomaji wengi wamelipita haraka, wakilihesabu kuwa ni habari za uchawi tu. Wanyakyusa walieleza kwamba mtu aliyewanyima majirani haki yao, kwa mfano aliyechinja akala na watu wa nyumbani mwake pekee au aliyekwepa kuandaa karamu iliyompasa, alijiletea pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya majirani yaliyomwangukia kama ubaridi mwilini, akaugua yeye au watoto wake. Maelezo hayo yaliyaunganisha mambo mawili ambayo vyuo vikuu vilichelewa sana kuyaunganisha, yaani maafa na mgawanyo wa mali, kwa kuwa ugonjwa haukuhesabiwa kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja, bali dalili kwamba mahali fulani mgawanyo umekwenda upande. Msomi wa leo hahitaji kuamini kwamba manung'uniko huleta homa ili akubali kwamba wazee wa Rungwe walikuwa wakiuliza swali sahihi. Monica mwenyewe, katika makala ya mwaka 1951 iliyowalinganisha Wanyakyusa na Wapondo, alionyesha kwamba hofu za uchawi katika kila jamii hufuata mpangilio wa jamii hiyo, na kwamba miongoni mwa Wanyakyusa, walioishi na majirani wasio ndugu zao, hofu hizo zilizunguka chakula, hasa nyama na maziwa.

Mwaka 1938 Godfrey Wilson aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na akaanza kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa mji wa machimbo wa Broken Hill, ambao siku hizi huitwa Kabwe. Alihitimisha kwamba hali ya wafanyakazi hao isingeweza kuelezwa kwa kuyatazama makabila walikotoka tu, kwa sababu iliamuliwa pia na mahitaji ya madini katika nchi za mbali na mgawanyo usio sawa wa mali duniani. Makampuni ya madini hayakuupenda utafiti wa namna hiyo, alizuiwa kuingia katika makazi ya wafanyakazi, na akajiuzulu mwaka 1941. Alifariki mwaka 1944, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu alichokiandika pamoja na Monica kuhusu mabadiliko ya jamii, kilichojengwa juu ya wazo la upana wa mahusiano: jamii huwa na upana mdogo pale ambapo watu wanategemeana na wachache wanaofahamiana kwa karibu, na upana huo hukua pale ambapo bei, sheria, vita na imani za watu wa mbali zinapogusa maisha yao. Hatari huja, walisema, pale ambapo upande mmoja wa maisha unapanuka haraka na mwingine ukabaki nyuma, kwa mfano mkulima anapouza kahawa yake kwa ulimwengu mzima ilhali hana sauti yoyote katika kupanga bei yake.

Wazo hilo liliandikwa miaka 41 kabla ya Mjerumani Ulrich Beck kuchapisha, mwaka 1986, kitabu chake mashuhuri kuhusu jamii ya hatari, yaani jamii ambayo maendeleo yake yenyewe huzalisha hatari zisizojali mipaka ya nchi. Beck alikuwa akizitazama nchi zenye viwanda. Akina Wilson walikuwa wamelifikia jambo linalofanana nalo kwa kutembea kati ya migomba ya Rungwe na nyumba za wachimba madini. Monica, baada ya kufiwa, alifundisha Fort Hare, kisha chuo cha Rhodes, na kuanzia mwaka 1952 hadi mwaka 1973 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako ubaguzi wa rangi ulimlazimisha kuufundisha ukosefu wa usawa huku akiuona mlangoni pake kila siku. Alirudi Rungwe mwaka 1955 kuyatazama mabadiliko, na alifariki mwaka 1982.

Mabadiliko aliyoyakuta Monica yalichunguzwa kwa kina na Philip Gulliver, aliyekuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya Tanganyika kuanzia mwaka 1952 hadi mwaka 1958. Katika kazi yake kuhusu umiliki wa ardhi, iliyochapishwa mwaka 1958 na taasisi ya utafiti wa jamii ya Kampala, Gulliver alionyesha kwamba kijiji cha rika kilikuwa kinakufa polepole kwa sababu ya ardhi. Watu walikuwa wameongezeka, na kahawa, ambayo ni zao la kudumu, ilikuwa imemfunga mkulima kwenye kipande kimoja, kwa kuwa hakuna mtu anayekubali kuiacha mibuni aliyoipanda mwenyewe ili ahamie kwingine kwa ajili ya sherehe ya ubusoka. Wana walianza kutaka kurithi shamba la baba badala ya kugawiwa ardhi pamoja na wenzao wa rika, na wale ambao ardhi haikuwatosha walikwenda kutafuta mishahara, kwanza katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, baadaye katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini. Fedha walizorudi nazo ziliwawezesha baadhi yao kununua ng'ombe wa mahari bila kumsubiri baba, jambo ambalo lilipunguza nguvu za wazee, lakini lilizaa tofauti mpya kati ya kijana aliyerudi na fedha na yule aliyerudi na kikohozi cha vumbi la mgodi.

Upande ambao Gulliver hakuufikia sana uliangaziwa miaka thelathini baadaye na Marjorie Mbilinyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa waanzilishi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, mwaka 1993. Katika makala ya mwaka 1988 kuhusu wake waliotoroka katika wilaya ya Rungwe kati ya mwaka 1919 na mwaka 1961, Mbilinyi alizisoma kumbukumbu za utawala wa kikoloni kwa jicho tofauti na la waliozitunza, akaonyesha kwamba wakati wanaume walipokuwa machimboni, kazi ya kulisha familia na kulima mazao ya biashara iliwaangukia wanawake, na kwamba wanawake waliokataa mzigo huo wakakimbilia mijini, machimboni au kwa mume mwingine walifuatwa na mabaraza ya wenyeji na maofisa wa serikali, ambao kwa pamoja walitaka mwanamke abaki shambani. Jambo ambalo faili liliita utovu wa maadili, Mbilinyi aliliita mapambano ya kazi, na tangu hapo haikuwezekana tena kuizungumzia historia ya uchumi wa Rungwe kana kwamba waliolima walikuwa wanaume peke yao.

Kaskazini ya mji wa Iringa, katika tambarare kavu ya Ismani, historia ilichukua njia nyingine. Ardhi ilikuwa tele, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wenye uwezo waliifyeka kwa trekta na vibarua wakalima mahindi mashamba makubwa, huku desturi ya zamani iliyompa kila mtu haki ya kulima alipofyeka ikigeuka kuwa ngazi ya wachache kupanda juu. Adhu Awiti, katika makala ya mwaka 1973, na Rayah Feldman, katika makala ya mwaka 1974, waliichambua tofauti hiyo iliyokuwa imewagawa watu kati ya wenye matrekta na wasio na kitu ila jembe la mkono, na mwanya huo ndio uliozifanya siasa za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuwa kali sana Ismani. Tarehe 25 Desemba 1971 Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na kuuawa na mkulima Saidi Mwamwindi katika shamba la mkulima huyo, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Mara nyingi tukio hilo husimuliwa kama ugomvi wa watu wawili. Kwa mtu aliyesoma kazi za Awiti na Feldman, lilikuwa ni mlipuko wa mgongano uliokuwa umejikusanya kwa zaidi ya miaka ishirini kati ya mali iliyokwisha kujengwa na serikali iliyotaka kuigawa upya kwa amri.

Miaka hiyohiyo ya 1970 ndiyo iliyoleta maarifa mapya kuhusu maafa katika Afrika Mashariki. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Kenya Philip Mbithi na mwenzake Ben Wisner, ambaye alifanya kazi pia Dar es Salaam, waliandika kuhusu ukame na njaa nchini Kenya, na mwaka 1976 Wisner na wenzake wawili walitoa hoja kwamba maafa yanayoitwa ya asili si ya asili peke yake, kwa sababu mvua inapokosekana humkuta kila mtu, lakini njaa humchagua yule ambaye hana ghala, hana ng'ombe wa kuuza wala ndugu mwenye mshahara. Mwaka 1981 Amartya Sen, mchumi kutoka India, alithibitisha hoja inayokaribiana na hiyo kwa kuonyesha kwamba watu huweza kufa kwa njaa hata pale chakula kinapokuwapo sokoni. Tanzania ilikuwa imejionea jambo hilo yenyewe mwaka 1974 na 1975, wakati ukame, uhamishaji wa watu katika vijiji vya maendeleo na kupanda kwa bei ya mafuta duniani vilipokutana, na nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje.

Baada ya njaa hiyo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ziligeuzwa kuwa ghala la taifa, kwa mbolea ya ruzuku na bei moja iliyolipwa na serikali popote nchini, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kilichokuzwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikawa mahali pa kuzalishia mbegu, zikiwemo aina za maharage zenye jina la mahali penyewe kama Uyole 84, Uyole 94 na Uyole 96. Kisha, mapema miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, ruzuku ya mbolea iliondolewa, na mkulima wa Mbozi au Njombe, aliyezoeshwa mbegu inayodai mbolea, akajikuta akilipa bei iliyopangwa mbali sana na shamba lake. Upana wa mahusiano walioueleza akina Wilson ulikuwa umemfikia mlangoni.

Maafa makubwa kuliko yote ya kizazi hicho yalipita pia barabarani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, lakini uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe na Makete, ulikuwa na maambukizi ya asilimia 15.7 kwa watu wazima, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.7. Hata katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 Njombe, Iringa na Mbeya ziliongoza, zikiwa na asilimia 12.7, 11.1 na 9.6. Barabara kuu, kazi za vibarua katika mashamba makubwa, vijana wanaoondoka nyumbani kutafuta riziki na wake wanaobaki bila uwezo wa kukataa ni mambo yaliyokwisha kuandikwa kuhusu nyanda hizi kabla ya virusi kufika, na aliyeyasoma angeweza kubashiri ni njia ipi virusi hivyo vingepita.

Leo mtu akisimama Uyole wakati wa mavuno ya viazi mviringo, ataiona historia hii yote katika kitu kimoja kinachoitwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, ili mkulima atoe viazi vingi zaidi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeweka mwisho wa kilo 100, lakini mkulima ambaye viazi vyake vitaoza asipouza leo hana nguvu ya kubishana na mwenye lori ambaye anaweza kusubiri hadi kesho. Mvua ikizidi, au bei ikianguka Dar es Salaam, hasara humshukia yule aliyejaza kilemba kabla haijamgusa yeyote mwingine.

Kazi za Wilson, Gulliver, Feldman, Awiti na Mbilinyi ziliandikwa kwa Kiingereza, na hati za akina Wilson zimehifadhiwa Cape Town, mbali na vijiji vilivyozizaa. Kuyarudisha maarifa hayo kwa wenyeji ni deni linalopasa kulipwa na wanafunzi na walimu wa vyuo vya Mbeya na Iringa, kwa kuandika kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Uporoto na mama muuza maharage wa Uyole wanaweza kukisoma na kukikosoa, na kwa kuyataja majina ya wenyeji wanaowafundisha. Maafa yajayo, yawe ya tabianchi, ya maradhi au ya bei, yatafuata mifereji ambayo ukosefu wa usawa umekwisha kuichimba, na mifereji hiyo huweza kuonekana na kuzibwa kabla mvua haijaanza kunyesha.